Elfu mbili za kujaza fomu

Mama alikuwa amesimama kwenye kaunta ya steshenari pale Kirumba, hapa Mwanza, njia ya kushukia Mwaloni, kitambulisho cha taifa mkononi na pochi ndogo kwapani. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye biashara yake, maana kanga ya kiunoni bado ilikuwa na vumbi la dagaa wakavu. Kijana wa steshenari anauliza, mama anajibu, kijana anajaza. Mimi nilikuwa nyuma yao na flashi yangu, nasubiri kuprinti.

"Umezaliwa lini, mama?"

"Sitini na nane. Mwezi wa nne, tarehe kumi na mbili."

Kijana akabofya kisanduku cha tarehe. Ikafunguka kalenda ndogo, imesimama kwenye mwezi ule ule tuliokuwa nao. Juu yake kulikuwa na mshale wa kurudi nyuma, na kila ukiubofya unarudi mwezi mmoja. Kutoka pale hadi Aprili 1968 ni zaidi ya miezi 600. Kijana hakushangaa hata kidogo. Alishika kipanya akaanza kubofya, tik, tik, tik, huku akimjibu mteja mwingine bei ya kulamineti cheti.

Alipofika akahamia kwenye namba ya NIDA. Akaiandika kama ilivyo kwenye kadi, na vistari vyake. Akabofya Endelea. Ukurasa ukaruka juu, pakatokea maandishi mekundu: "Taarifa ulizojaza si sahihi." Taarifa zipi, haikusema. Na visanduku vyote vikarudi vitupu, pamoja na ile tarehe.

"Mtandao unasumbua, eh?" mama akasema, kwa upole, kama anayempa pole kijana.

Mtandao ulikuwa mzima.

Nimetembea na jambo hilo wiki kadhaa sasa. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti: za shule, za nyumba za wageni, za vikundi vya kuweka na kukopa. Fomu ile haikuwa yangu, na mwenye nayo simtaji, kwa sababu fomu za aina ile zimejaa kila mahali na kumtaja mmoja ni kuwasafisha wengine.

Kilichonikaa zaidi ni hiki. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo kijana alibofya mshale mara zaidi ya 600 kuitafuta tarehe ambayo fomu yenyewe ilikuwa inakwenda kuipata kwenye kisanduku kinachofuata.

## Anayelipa

Ukimwambia mwenye tovuti kwamba tovuti yake ni ngumu kutumia, anachosikia ni pesa. "Bajeti haituruhusu, tuanze na hii hii, baadaye tutaboresha." Nimelisikia jibu hilo kwenye ofisi zenye viyoyozi na kwenye ofisi za chumba kimoja kule Igoma. Na wengi hawadanganyi. Shule ya wanafunzi 200 haina fedha za kumlipa mbunifu kutoka Dar.

Lakini ile asubuhi Kirumba, fedha ilitoka. Mama alilipa 2,000 za kujaziwa fomu na nyingine za kuprinti. Aliacha biashara yake mikononi mwa jirani kwa muda ambao wateja wa jumla ndio wanapita. Wapo wanaotoka Ukerewe, wanapanda meli Nansio, wanavuka ziwa, wanalala kwa ndugu, kwa ajili ya fomu iliyowekwa kwenye intaneti ili watu wasisafiri. Hakuna anayekusanya risiti za gharama hizo. Mwenye tovuti haoni hata senti moja ikitoka, kwa hiyo kwenye vitabu vyake tovuti ngumu ni ya bei rahisi.

Halafu kuna gharama isiyohesabika kwa shilingi.

Fomu ilidai barua pepe. Mama hana. Kijana akamfungulia palepale, akabuni neno la siri, akaliandika kwenye daftari lake kubwa la kaunta, mstari mmoja na jina la mama na namba yake ya simu. Juu ya mstari huo kulikuwa na mistari mingine, ukurasa mzima, na kurasa za nyuma zilionekana zimechakaa kwa kufunuliwa. Simlaumu. Watu wanarudi kwake baada ya miezi mitatu wakiuliza "paswedi yangu ilikuwa ipi?", na asipokuwa nayo ni ugomvi. Lakini mtu yeyote akiondoka na daftari lile, ameondoka na milango ya nusu ya mtaa. Na likilowa mvua, kuna watu hawataona tena majibu ya maombi yao.

Daftari hilo limezaliwa na fomu.

## "Wafundishwe kompyuta kwanza"

Nilimsimulia mwenzangu wa kazi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tatizo ni elimu. "Watu wafundishwe kompyuta kwanza. Wewe utarahisisha mpaka lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kuna ukweli ndani yake, na ni hoja inayobembeleza, kwa sababu ukishaikubali huna tena kazi ya kufanya. Unasubiri nchi isome.

Kilichoivunja kwangu ni kitu ambacho kila msomaji wa hapa ameshakiona mara nyingi kiasi cha kutokiona tena. Nilikwenda Mwaloni kununua dagaa, na mfanyabiashara niliyesimama kwake alikuwa anamlipa mtu wa mtumbwi. Kiswaswadu mkononi, kioo kina ufa. Nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Vidole havikusimama. Hakusoma menyu, alikuwa anaijua kwa mpigo wake. Likatokea jina la mpokeaji, akalisoma kwa sauti, mwenzake akaitikia, akaweka namba ya siri, kwisha.

Huduma za kutuma fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008, na sikumbuki darasa lolote lililofunguliwa kuwafundisha wauza dagaa. Tokeni ya LUKU nayo ina tarakimu 20, sawasawa na namba ya NIDA. Bibi yangu anazisoma nne nne, mjukuu anabonyeza mita, taa zinawaka. Hakuna anayesema bibi anahitaji kozi.

Nikaanza kuangalia ile menyu kama fundi. Inauliza jambo moja kwa wakati mmoja. Haina adabu hiyo kwa hiari, imebanwa: ujumbe mmoja wa menyu za namna ile hauzidi herufi 182, kwa hiyo hakuna nafasi ya porojo. Chaguo zina namba. Kabla fedha haijatoka inakuonyesha jina, unapata nafasi ya kughairi. Ina mabaya yake, hasa inapokatika katikati ukiwa hujamaliza, lakini ukikosea unajua umekosea wapi.

Ile fomu ya Kirumba ilikuwa na skrini nzima, rangi zote, nafasi ya kutosha kuandika barua, na ikashindwa kusema ni kisanduku kipi kina kosa.

## Kukaa kimya pembeni

Kuna Mdenmaki anaitwa Jakob Nielsen, ambaye tangu 1989 amekuwa akitetea njia za bei nafuu za kupima kama kitu kinatumika kirahisi. Mwaka 2000 aliandika kwamba ukiwaangalia watu 5 tu wakitumia tovuti yako utakuwa umeona karibu asilimia 85 ya matatizo yake, na kwamba ni afadhali upime kidogo kidogo mara kadhaa kuliko kupima mara moja kwa mbwembwe. Wapo waliobishana naye kuhusu hiyo asilimia. Mimi sibishani, kwa sababu tovuti nyingi ninazozijua huku zimepimwa na watu sifuri.

Niliiomba shule moja ninayoihudumia initumie wazazi wachache waliokuja kulipa ada, wakae na fomu ya maombi ya nafasi mbele yao kwenye simu zao wenyewe. Niliwanunulia soda na bando. Hiyo ndiyo ilikuwa bajeti yote.

Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza.

Mzazi anakwama, anakuangalia. Mdomo wote unakuwasha kusema "bonyeza hapo chini." Ukisema, umeharibu, kwa sababu nyumbani hutakuwepo. Baba mmoja alikaa kwenye kisanduku cha namba ya simu muda mrefu sana. Aliandika namba yake ikianza na sifuri, ikakataa. Akaandika na 255, ikakataa. Akajaribu bila sifuri. Akaweka simu mezani, akasema taratibu, "Labda namba yangu haijasajiliwa."

Namba anayoitumia kila siku, anapigiwa nayo, analipiwa nayo, alianza kuitilia shaka mbele ya kisanduku. Kwenye msimbo, yale maelekezo ya programu nyuma ya fomu, ilikuwa inahitajika alama ya kujumlisha mwanzoni. Programu inaweza kupokea namba kwa namna zote nne na kuipanga yenyewe kwa mistari mitatu ya msimbo. Na vistari vya NIDA vilevile: vipokee, vifute mwenyewe, endelea na kazi.

Kompyuta ndiyo inayojua kufuta vistari bila kuchoka. Kwa nini tumempa mama kazi hiyo?

## Saa saba mchana

Wengi tunatengeneza tovuti ndani, jioni, skrini kubwa, mwanga umepunguzwa. Wanaozitumia wako nje. Nilimpa simu yenye ukurasa wa shule bodaboda mmoja pale Buzuruga, saa saba mchana, jua la utosini, akaikinga kwa kiganja, akaigeuza, akaisogeza. Akanirudishia. "Kaka, hii haijaandikwa kitu."

Ilikuwa imeandikwa, kwa kijivu cha mtindo, kile kinachopendwa na wabunifu kwa sababu kinaonekana cha kisasa.

Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi. Kijivu kile, ambacho kwa namba za rangi za kompyuta ni #999999, kwenye nyeupe kinatoa kama 2.8. Kijivu cheupe kabisa kinachofaulu ni #767676. Kubadilisha tarakimu hizo sita ni kazi ya dakika moja na haina gharama, na kuna vipimo vya bure kwenye intaneti vinavyokupa jibu hapohapo. Mimi sasa naenda mbali zaidi, natumia karibu nyeusi. Jua la huku ziwani linastahili nyeusi.

Mwalimu mmoja wa shule ile ana ualbino. Kama wenzake wengi wenye ualbino, macho yake yanaona kwa shida na mwanga mkali unayaumiza. Alipokea simu, akaisogeza karibu kabisa na uso, akaweka vidole viwili kuukuza ukurasa. Ukurasa haukukua. Akarudia.

"Huu wenu umefungwa," akasema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Ulikuwa umefungwa kweli. Kuna mstari mmoja ambao watengenezaji huuweka juu ya ukurasa ili usichezecheze kwenye simu, na ndani yake baadhi huongeza amri ya kuzuia kukuza. Ukiifuta amri hiyo hakuna kinachoharibika. Kwa mtu kama mwalimu ndiyo tofauti ya kusoma na kutosoma, na kanda hii ina wenzake wengi. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba unataja intaneti waziwazi. Sheria tunazo, na bado mwalimu anakuza ukurasa usiokua.

Niliifuta amri hiyo akiwa ameketi hapohapo. Akafungua tena, akavuta vidole, maandishi yakajaa kioo. Akasoma ukurasa wote mpaka chini, pamoja na sehemu ambazo hazikumhusu.

## Kazi ya mchana mmoja

Mengine yaliyotoka kwenye vikao vile nitayapitia haraka, kwa sababu hayana ugumu.

Jina la kisanduku likae juu yake na libaki pale. Likiandikwa ndani kwa kijivu, mtu akianza kuandika linatoweka, na akipigiwa simu katikati anarudi hajui alikuwa anajaza nini. Kisanduku cha namba kifungue kibodi ya namba. Tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwenye visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka. Hata serikali ya Uingereza inashauri hivyo kwenye mwongozo wake wa kutengeneza tovuti za umma. Kosa litajwe mahali lilipo, kwa Kiswahili kinachosema cha kufanya: "Namba ya NIDA inatakiwa tarakimu 20, umeandika 19." Na kosa lisifute kilichokwisha kujazwa.

Hilo la mwisho ningeweza kulipigania barabarani.

Vitufe viwe vikubwa. WCAG ya Oktoba 2023, toleo la 2.2, inataja kipimo cha chini cha pikseli 24 kwa 24. Hicho ni cha chini mno kwa mtu aliyetoka kupaa samaki, mikono imelowa na kioo kina ufa. Google inapendekeza 48 kwa simu za Android, nami nafuata hicho.

Na uzito. Picha moja ya jengo la shule iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na MB 4. Ukiipunguza upana kufikia pikseli 1200 inashuka chini ya KB 200 na kwa macho huoni tofauti. Ukurasa wa mwanzo wa ile shule ulikuwa na picha kama hizo mfululizo, zinapishana zenyewe. Mzazi wa bando la jero alikuwa analipia kuangalia maua ya getini.

## Tangazo lililopigwa picha

Hapa nakaa kidogo, maana ni ugonjwa wetu.

Ofisi inaandika tangazo kwenye kompyuta. Inaliprinti. Mkuu anasaini, muhuri unagongwa. Karatasi inaskaniwa, ikiwa imepinda kidogo, inakuwa PDF ya kurasa kumi na kadhaa, inapakiwa kwenye tovuti kwa kichwa cha "TANGAZO". Ndani yake kuna orodha ya majina. Mzazi anatafuta jina la mtoto wake. Hawezi kuliandika na kulitafuta, kwa sababu kwa kompyuta zile si herufi, ni picha ya herufi. Anakuza, anasogeza kushoto, kulia, chini, jina kwa jina, na faili lenyewe limekula MB zake.

Kwa asiyeona ni ukuta kabisa. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani yake, bure, inasoma kilicho kwenye kioo kwa sauti. Kwa kompyuta kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na baadaye akaungana na James Teh, naye haoni. Wakaamua iwe bure. Sauti ya Kiswahili ipo. Programu hizo zinasoma maandishi vizuri, lakini zikifika kwenye karatasi iliyoskaniwa hazina cha kusoma. Na hata kwenye maandishi, ukurasa usipotaja lugha yake, Kiswahili kinaweza kusomwa kwa sauti ya Kiingereza, huelewi hata neno. Dawa ni lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa. Herufi chache tu, na sauti inajua ni lugha gani.

Nilimwambia karani wa shule: maneno ya tangazo umeshayaandika, yako kwenye kompyuta yako. Yabandike kwenye ukurasa kama maandishi, kisha chini yake weka na hiyo PDF yenye muhuri kwa wanaotaka muhuri.

Akaniuliza, "Kwani inaruhusiwa?"

Nadhani matangazo mengi nchini yamefungwa ndani ya picha kwa sababu ya swali hilo, ambalo hakuna aliyewahi kumjibu karani.

## Koki za zimamoto

Kifupi tu. Kuna ile kapcha ya "chagua picha zote zenye koki ya zimamoto." Mzazi wa Kisesa aonyeshwe chuma chekundu cha pembeni mwa barabara ya Marekani ili athibitishe kuwa ni mtu? Kwa tovuti ndogo weka kisanduku kimoja kilichofichwa, kisichoonekana kwa macho wala kusomwa na programu za sauti. Roboti hujaza kila kisanduku inachokikuta. Fomu ikija na hicho kimejazwa, itupe. Njia hii haitazuia kila roboti, lakini tangu tuiweke, takataka zinazoingia kwenye barua za shule zimebaki chache za kufuta kwa mkono.

## "Mimi nile wapi?"

Nilirudi kwa kijana wa steshenari, mchana usio na foleni, nikamweleza ninachokifanya.

"Kaka, ukizifanya rahisi zote, mimi nile wapi?"

Aliuliza bila hasira, na ni swali nililokuwa nimelikwepa kichwani mwangu. Ana mtoto. Analipa pango, umeme, wino. Kila fomu mbovu ni 2,000 yake. Nikisema nawapunguzia watu gharama, baadhi ya hizo gharama ndizo anazokula yeye, na sina cha kumpa badala yake. Sikumdanganya kwamba kazi zitaongezeka.

Tukanyamaza kidogo. Kisha akaanza mwenyewe kuzitaja. Fomu fulani inagoma ukurasa wa tatu ukiweka ritifaa, kile kialama cha ng', kwenye jina, kwa hiyo akina Ng'wana, akina Ng'ombe, wote wanakwama. Nyingine haina wilaya fulani kwenye orodha, inabidi uchague ya jirani. Nyingine inakutoa nje baada ya dakika kumi hata ukiwa katikati ya kuandika, kwa hiyo yeye hujaza kwanza kwenye karatasi. Alizitaja kwa ukurasa na kwa kisanduku. Hakuna mhandisi niliyewahi kukaa naye anayejua hivyo, maana yeye ameshika mamia ya watu wa kila aina mbele ya fomu zilezile, mwaka baada ya mwaka, na ameona kila mmoja anapokwama.

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nikamuuliza angetoza kiasi gani kukaa na mimi saa moja, aijaribu fomu mpya kabla haijatoka, aniambie watu watashindwa wapi. Akafikiri. Akasema elfu kumi. Nikaona ni ndogo, tukakubaliana kumi na tano, na shule ikalipa bila maneno. Hiyo haifidii biashara ya kujaza fomu, najua, na wateja wa namna yangu ni wachache. Lakini kila mji una steshenari za aina hii, na kila steshenari ina mtu kama huyu, na tovuti zinaendelea kutengenezwa bila hata mmoja wao kuulizwa.

## Picha ya pasipoti

Katika saa yake ya kwanza alienda moja kwa moja kwenye sehemu ya kupakia picha. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo wote wanakuja kwangu."

Fomu nyingi zinataka picha ya pasipoti isiyozidi KB 100, au 200. Simu ya mzazi inapiga picha ya MB 3. Mzazi hajui KB ni nini, na hana sababu ya kujua. Fomu inamwambia faili ni kubwa mno, basi. Anakwenda steshenari, kijana anaipunguza kwa sekunde chache, anamrudishia kwa Bluetooth, shilingi 1,000.

Kivinjari cha simu kinaweza kuipunguza chenyewe. Picha inachorwa upya ndani ya simu kwa upana mdogo, inahifadhiwa kwa ubora wa chini kidogo, ndipo inatumwa. Haihitaji seva ya ziada wala kulipia programu yoyote, na mzazi anaokoa bando pia, kwa sababu kinachosafiri ni ile ndogo. Nimeiandika, inafanya kazi kwenye simu nyingi tulizojaribu. Kuna simu moja ya zamani, ya mlinzi wa shule, ambayo kila mara inageuza picha inalala ubavu, kichwa kushoto. Tatizo liko kwenye alama ambayo kamera huiweka kuonyesha simu ilishikwaje, na kivinjari cha simu ile hakiisomi.

Mlinzi ameniachia simu yake mpaka Ijumaa. Laini yake ameihamishia kwenye kiswaswadu cha mkewe.

Nikiimaliza, msimbo wote nitauweka hapa bure, na maelezo kwa Kiswahili, ili mwenye fomu ya namna hiyo auchukue na kuubandika. Kama una simu ya zamani inayofanana na ya mlinzi na uko Nyamagana au Ilemela, niandikie. Nahitaji kuijaribu kwenye simu nyingine kabla fomu za muhula ujao hazijafunguliwa.